Gari Lililonishitaki kwa Mwanangu

Mimi nimeendesha gari katika nchi hii kwa miaka arobaini na kitu. Nilianza wakati njia ya Ibra kwenda Sur ilikuwa changarawe tupu, unaingia bondeni mvua ikinyesha mlimani, hujui kama utatokea upande wa pili. Nimeendesha lori la nguzo za umeme kutoka Mudhaibi mpaka Jaalan Bani Bu Hassan, na nguzo zenyewe zilisimama nikiwa nazitazama. Sikuletwa na mtu. Nilifika hapa kutoka Unguja, kwa njia ya Dar es Salaam, na sanduku moja la bati, diploma yangu ya umeme ndani ya mfuko wa nailoni, na Kiarabu cha msikitini ambacho hata muuza mkate alikicheka. Leo ukiwasha taa katika nyumba nyingi za mkoa huu wa Sharqiyah, waya uliomo ukutani umepita mikononi mwangu au mikononi mwa mtu niliyemfundisha mimi. Sisemi haya kwa kujisifu. Basi, na kwa kujisifu pia. Niliyoyafanya nimeyafanya.

Kwa hiyo mtu aielewe hasira yangu siku gari liliponiambia niangalie barabara.

Gari lenyewe ni la umeme. Nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu Ibra kuwa nalo, na chaja ya nyumbani nimeifunga kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa muuzaji alitaka kuniletea kijana wake. Alipokuja kukagua alitazama kazi, akatazama ule mpango wa waya, akauliza nani kaifanya. Nikamwambia, "Mzee huyu unayemwona." Mpaka hapo sina neno na gari. Linakwenda kama limemwagiwa mafuta, halina kelele, na mimi niliyekaa maisha yangu yote na umeme niliona raha kuukalia.

Ugomvi ulianzia kwa mwanangu. Yeye anafanya kazi Maskati katika kampuni ya bima, na watu wa bima wanaona ajali hata ndani ya kikombe cha chai. Mwaka uliotangulia niliingia mchangani karibu na Bidiya. Upepo ulikuwa umesukuma mchanga juu ya lami, gari langu la zamani likateleza, likaenda likaegemea kibao cha kuonya watu juu ya ngamia. Halikuumia ila taa moja. Lakini mwanangu alikuja siku ile ile, akalizunguka gari kama anayetafuta maiti, kisha akaniambia niache kuendesha barabara kuu. Niache! Nikamuuliza, nani atampeleka shangazi yake Sur, na Nizwa, na kwenye matanga na maharusi ya watu? Maana dada yangu anaishi na mimi tangu afiwe na mumewe. Amenizidi miaka saba. Mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akaninyoa, akanipeleka chuo cha Kurani, akanichapa. Pale Ibra hana mwengine wa kumtoa nje ila mimi.

Tukabishana wiki nzima. Mwisho tukaafikiana. Nitanunua gari lenye kile kifaa cha kujishika lenyewe kwenye barabara kuu, na gari likinifungia kifaa hicho mara tatu kwa kutotazama njia, funguo nampa yeye. Mara tatu. Tukapeana mikono kama watu wa sokoni. Nilikubali kwa sababu nilijua haitafika hata moja.

Nieleze kinavyofanya kazi. Ukiingia barabara kuu, taa ya kijani inawaka kwenye usukani, na hapo unaweza kuondoa mikono. Gari linashika mstari wake, linapunguza mwendo likikuta lori mbele, linaongeza njia ikiwa wazi. Unachobaki nacho wewe ni macho tu. Juu ya usukani ipo kamera ndogo, ukubwa wake kama kifungo cha kanzu, inakutazama uso. Ukiangalia pembeni muda mrefu, taa inakuwa nyekundu. Ukipuuza, sauti ya mwanamke inakuamrisha kwa Kiarabu cha msomaji wa taarifa ya habari. Ukiendelea kupuuza, kiti kinakutikisa mgongoni. Halafu gari linapunguza mwendo lenyewe, linawasha taa za pembeni zote, na linasimama. Likishasimama limekufungia, safari iliyobaki mikono yako ifanye kazi. Na linapeleka habari kwenye simu ya mwenye gari.

Mwenye gari ni mimi. Jina kwenye mulkiya, ile kadi ya gari, ni langu. Lakini siku ya kukabidhiwa, kijana wa duka la magari aliuliza namba ya simu ya kuunganisha, na mwanangu akaitaja yake kabla sijafungua mdomo. Nilidhani anasaidia. Kumbe tangu siku ile kila nilipokwenda alikuwa nami, kwenye mfuko wa kanzu yake.

Mara ya kwanza ilikuwa harusi ya Sur. Nilifunga kilemba cha sufi, kile kizuri cha nakshi nyekundu, na nilikifunga kama kinavyofungwa, kimeshuka juu ya nyusi, ncha yake upande. Tumefika mbele ya Kamil, jua linatupiga usoni, taa nyekundu ikawaka. Nikatazama mbele. Mwanamke wa taarifa ya habari akasema nitazame mbele. "Natazama!" nikamwambia. Kiti kikaanza kunitikisa. Nilikuwa natazama mbele kuliko nilivyowahi kutazama maishani mwangu, macho yamenitoka, na gari likasimama kwa sababu kivuli cha kilemba kilifunika macho yangu na kamera ikaona shimo. Waliokitengeneza kifaa kile hawakuwahi kumwona mtu aliyevaa akavaa.

Mwanangu akapiga simu kabla sijaondoka pale.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Kuna nini Kamil?"

"Kuna kilemba," nikasema, nikakata.

Alikataa kuifuta. Alisema makubaliano ni makubaliano, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Kweli nilimfundisha. Sikumfundisha anitumilie mimi.

Mara ya pili nayo ilikuwa njia ya Sur. Dada alitaka nguru, na nguru wa Ibra hamtaki, anasema ameshachoka kabla ya kufika. Alikaa nyuma kama kawaida yake, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kiti, mto chini ya goti. Akawa ananihadithia ugomvi wa mama yetu na jirani mmoja wa Malindi, kule Unguja, ugomvi ambao naujua toka mwanzo mpaka mwisho, na mimi nikawa naitikia, ehe, ehe, macho mbele. Mara akauliza:

"We, nasema na wewe au nasema na kisogo?"

"Nasikia, dada."

"Kusikia hata paka anasikia. Mama alitulea hivi?"

Hakutulea hivi. Mkubwa akisema nawe unamgeukia, hata ukiwa unakula, hata ukiwa umepanda ngazi unabadilisha taa. Nami nilikuwa nimeondoa mikono, gari limeshika njia, barabara nyeupe mpaka upeo wa macho. Nikageuka. Nikamtazama usoni, akaridhika, akaendelea pale alipoachia, na alipofika mahali jirani alipotupa sufuria, sauti ikaanza.

"Nani huyo ananikatiza?" akauliza dada.

"Gari."

"Gari lina mke?"

"Linataka nitazame mbele."

"Mwambie anyamaze. Nimeanza kusema mimi."

Nilicheka, ndio kosa langu, nikacheka badala ya kugeuka upesi. Kiti kikatikisika, breki zikashika zenyewe, tukasimama pembeni ya jangwa taa zikiwakawaka kama gari la wagonjwa. Mwanangu kwenye simu.

"Baba, hii ya pili."

"Ulitaka nimpe shangazi yako kisogo?"

"Mweke kiti cha mbele basi."

"Na mguu wake niuweke wapi, juu ya boneti?"

"Baba, mimi sichezi. Imebaki moja."

Imebaki moja. Ananihesabia kama mwalimu wa chuo, mtoto niliyemlipia masomo mpaka akajua kuhesabu. Usiku ule sikula. Dada akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna. Sikutaka ajue kwamba safari zake zimebakia kosa moja.

Lazima niseme jambo jengine hapa, maana bila yake hayo mengine hayana maana. Mimi nililisifia gari lile. Nililisifia msikitini, nikalisifia kwenye kahawa, nikalisifia zaidi kwa dada. Siku ya kwanza niliyomtoa, tulipoingia barabara kuu niliinua mikono yote miwili juu, nikamwonyesha viganja, nikamwambia, "Unaona? Linajiendesha lenyewe. Mimi hapa abiria tu kama wewe." Aliguna, akasoma Ayatul Kursi mara tatu, akanipulizia shingoni. Safari ya pili alisoma mara moja. Ya tatu akawa anasinzia. Nami kila safari, na hata kwenye kahawa, niliinua mikono ile nikarudia maneno yale, linajiendesha lenyewe, kwa sababu yalinipendeza mdomoni. Kijana wa duka la magari ndivyo alivyoniuzia, kwa maneno yayo hayo, na karatasi ya onyo akanipa nitie saini bila ya kunisomea. Mimi mtu wa diploma nikatia saini bila ya kusoma. Ningemfukuza kazi fundi wangu yeyote aliyefanya vile.

Sasa nifike Nizwa.

Tulikwenda kwenye matanga. Ndugu wa marehemu mume wa dada, watu wa Al Hamra waliohamia Nizwa zamani, walifiwa na mama yao. Tuliondoka Ibra asubuhi na mapema. Nilikaa upande wa wanaume, nikasoma, nikapokea salamu, nikaulizwa habari za gari na nikazieleza, nafikiri kwa muda mrefu kuliko inavyofaa matangani. Mchana wakaleta wali na nyama ya mbuzi katika masinia, na aliye kando yangu akawa ananimegea vipande vinono na kunisogezea, na mtu hawezi kukataa heshima. Baada ya sala ya adhuhuri tukaondoka. Dada alikuwa amechoka kwa kulia. Akapanga mto wake, akanyoosha mguu, akafumba macho. Nikamtazama kwenye kioo, nikaona amelala.

Tukapita Izki, tukaiacha barabara ya Maskati, tukashika ya Sharqiyah. Tukapita mahandaki ya milimani. Baada ya mahandaki, njia inakuwa pana na haina lolote, milima ya rangi ya mkate ulioungua kulia na kushoto. Taa ya kijani ikawaka. Nikaondoa mikono, nikaiweka mapajani.

Nililala. Naliandika neno hili mara moja ili nisilizunguke. Sikufumba macho kidogo, sikupumzisha macho, kama wanavyosema wazee wenzangu. Nililala usingizi wa mtu aliyeshiba, gari likienda kilomita mia na ishirini kwa saa, na dada yangu yuko nyuma.

Kilichoniamsha ni honi. Honi ya lori, ndefu, karibu kabisa na sikio, na upepo wake ukalisukuma gari. Nikafungua macho. Kiti kilikuwa kinanitikisa, mwanamke wa taarifa ya habari anapiga kelele, mkanda umenibana kifuani, na gari limesimama. Halikusimama pembeni. Limesimama katikati ya njia yake, kwenye barabara kuu, mchana kweupe. Lori lililotupita lilikuwa limetukwepa. Nililiona mbele linayumba, likanyooka, likaenda. Nikashika usukani, nikalitoa gari pembeni, nikabaki nimeukamata kwa nguvu. Mimi si mtu wa kuogopa. Nimewahi kupanda nguzo katika upepo wa radi.

Dada nyuma akasema, "Tumefika?"

"Bado. Gari limeharibika kidogo."

"Haya," akasema, akavuta mtandio wake.

Nikaendesha mpaka Ibra kwa mikono miwili, dirisha wazi, upepo wa moto unanipiga usoni. Nilikuwa nimewakasirikia wote. Nililikasirikia gari kwa kusimama katikati ya njia kama punda. Nililikasirikia kwa kunishitaki. Nilimkasirikia yule aliyenimegea nyama. Simu ilikuwa inalia na sikuipokea, na jina lililotokea kwenye skrini ya gari lilikuwa la mwanangu, linatokea, linapotea, linatokea.

Akaja Ijumaa, baada ya sala. Akala nasi, akangoja mpaka mikono ikaoshwa na kahawa ikaletwa. Tulikuwa watatu tu barazani: mimi, yeye, na dada kwenye kiti chake kirefu. Akaitoa simu, akaiweka juu ya mkeka baina yetu, kama mtu anayeweka ushahidi.

"Baba, mara ya tatu. Na hii si kama zile. Gari imesimama katikati ya shari', kwenye barabara kuu. Inasema dereva hakujibu. Dakika nzima, Baba. Hukujibu dakika nzima."

Nilikuwa nimeshatayarisha maneno. Kilemba, jua, kamera chafu, mafundi wasiojua kazi. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya kitaalamu. Kabla sijaanza, dada akasema:

"Mimi ndiye niliyemwita."

Mwanangu akamgeukia.

"Nilikuwa nalia," akaendelea. "Nimetoka matangani, nimekumbuka mama yangu, nikamwita ndugu yangu anitazame. Akanigeukia. Ulitaka asinigeukie?"

"Shangazi, dakika nzima?"

"Wewe unalia kwa saa? Mimi nalia mpaka nimalize."

"Na kelele ya gari hamkuisikia?"

"Kelele ilikuwa yangu."

Kwa mwanangu, shangazi si mtu wa kumwambia unasema uongo. Mimi mwenyewe nimemlea hivyo. Akanitazama mimi.

"Baba, ni kweli?"

Nimetia saini yangu kwenye mamia ya kazi. Kila nyumba niliyoikagua nilikuwa naiweka hii saini nikijua kwamba kama nimesema waya umefungwa na haukufungwa, atakayeugusa atakufa. Hata siku moja sikusaini nisichokiona. Hilo ndilo jina langu katika mji huu, zaidi ya nyumba na zaidi ya diploma. Na siku ile mwanangu aliniuliza neno moja, na mimi nikachukua kikombe nikanywa kahawa. Sikusema ndiyo. Nilinywa tu, na yeye akalisoma lile kuwa ndiyo, akapumua, akaja akanibusu kichwani, akasema, "Basi, khalas, hii haihesabiki. Lakini Shangazi, ukitaka kulia mwambie asimame kwanza." Akaondoka kurudi Maskati, amefurahi. Nimeshinda. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu na zilikuwa zinanichoma paja.

Alipotoka tu nikamgeukia dada.

"Nani kakutuma?"

"Ulitaka niseme nini? Niseme umelala, mdomo wazi, kilemba kimekuangukia puani?"

"Ulikuwa macho?"

"Mimi silali garini. Nafumba macho."

"Uliniona nimelala?"

"Nilikuona ulipoanza kupigana na kichwa. Nikasema, ashukuriwe Mungu, leo na yeye atapumzika. Tangu alfajiri uko juu ya miguu."

"Na hukuniamsha!"

"Kwa nini nikuamshe?" Alinitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli. "Gari linajiendesha lenyewe. Wewe si abiria tu? Ndivyo ulivyonambia."

"Na kelele? Ile sauti?"

"Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia yule bibi, mwache apumzike. Hata nikajaribu kufika nione anazimwa wapi, goti likakataa."

Nilipiga kelele. Naona haya kuandika, lakini nilimpigia kelele dada yangu aliyenilea, barazani, siku ya Ijumaa. Nikamwambia halijiendeshi, halijawahi kujiendesha, ni mashine inayoshika mstari na hata ngamia ikimwona jioni haimjui, nikamwambia lile lori lingetusaga sote wawili. "Ungenipiga! Una fimbo, ungenipiga nayo!" Yeye akanisikiliza mpaka nikamaliza. Uso wake ulibadilika taratibu, nikaona hesabu inaingia. Akasema kwa sauti ndogo:

"Kumbe tulikuwa tunakufa."

"Ndiyo."

"Na mimi nimekaa nimekutazama, nafurahi."

Kisha akaniuliza lililonivunja. Hakuuliza kwa ukali. "Sasa kwa nini uliniambia linajiendesha?"

Ninalo jibu la kitaalamu, mtu akilitaka. Ninaweza kueleza kamera na rada na ramani, na nani ana wajibu gani. Lakini dada hakuuliza hilo. Aliuliza kwa nini mimi, mtu ninayeaminika juu ya waya za watu, nilimwambia yeye jambo nisilolikagua, na jibu ni kwamba lilinifanya nionekane mkubwa. Aliliamini kwa sababu lilitoka kwangu. Angeniamini hata kama tungekufa.

Ilipopita kama saa nzima nikampigia mwanangu. Alikuwa ameshapita mahandaki.

"Baba?"

"Nililala," nikasema. "Shangazi yako amenifichia. Nililala tangu baada ya mahandaki, sijui muda gani."

Nikasikia gari lake likipungua mwendo.

"Nageuza," akasema.

"Usigeuze. Njoo kesho."

"Nageuza, Baba."

Alifika karibu na magharibi. Nilikuwa nimekaa barazani, funguo zote mbili nimeziweka juu ya ule mkeka. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na nikamwambia. Nikamwambia ameniaibisha kwa kunifuata mfukoni kama mwizi. Nikamwambia siku ile ya namba ya simu ilikuwa siku mbaya kuliko ya Bidiya, kwa sababu Bidiya ulikuwa mchanga na ile ilikuwa dharau. Nikamwambia hanivui funguo, makubaliano yake ya mara tatu ayaweke kwenye faili la bima. Nazitoa mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu nimekagua na sikuridhika. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Na nilipomaliza akafanya jambo lililonikasirisha kuliko yote: akachukua ufunguo mmoja, akanisogezea wa pili.

"Huu baki nao, Baba. Kwa hapa Ibra tu. Sokoni na msikitini."

"Usinipe nusu."

"Baba, si nusu..."

"Kama ningekuwa mtu wa kukupa nusu, ungekuwa huna shule uliyomaliza. Chukua zote."

Dada, kwenye kiti chake, akasema, "Chukua, mwanangu. Huyu akipewa nusu atakula kuta kwa hasira." Akazichukua. Ubishi wangu ule unanigharimu mpaka leo. Sokoni naenda na jirani, na jirani anaendesha kama anayefukuzwa. Msikitini naenda kwa miguu, na watu wanapunguza mwendo wananiuliza gari limefanya nini, na mimi nawaambia ukweli. Nililala. Wananicheka kidogo, halafu wanaacha, maana wengi wao wanalo gari la aina ile sasa, na wengi walilinunua kwa kunisikiliza mimi. Hao nawazuia mmoja mmoja barabarani, nawaambia wasome ile karatasi ya onyo. Mmoja aliniambia, "Babu, wewe si ndiye uliyeinua mikono?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana unanisikiliza.

Dada anatoka kama zamani. Mwanangu anakuja Alkhamisi jioni na anatupeleka tunakotaka. Njiani naona anapoondoa mikono kwenye usukani. Mara ya kwanza nilimwambia airudishe, akanijibu kwamba yeye halali. Nikamwambia hata mimi nilikuwa silali. Akairudisha. Dada nyuma ananitaka nimgeukie, na sasa naweza kumgeukia kadiri anavyotaka, lakini simgeukii. Ananisema kwa hilo. Namwambia, dada, nisamehe, ngoja tufike.

Tangu siku ile usingizi wa baada ya chakula haujanishika garini hata mara moja. Tumetoka Nizwa tumeshiba, tumetoka Sur na jua la saa nane, na mimi macho yangu yamekaa njiani mpaka getini. Hilo ndilo linalonichoma hasa. Nakaa macho hivi, dakika kwa dakika, kama mtu wa zamu, katika kiti kisichokuwa na usukani.